Klasta ya metali hubeba chaji ngapi kabla haijapasuka?

Ondoa elektroni mbili kwenye kishada cha atomi 40 za sodiamu, na kishada kitabaki kizima na chaji zake mbili chanya. Ondoa elektroni mbili kwenye kishada chenye joto cha atomi 20, na kitapasuka vipande viwili kabla kifaa cha kupimia hakijakiona. Mpaka uko kwenye atomi 27 hivi. Kwa chaji tatu mpaka husogea hadi atomi 64 hivi, na kwa chaji nne hufika 120 na ushee. Hesabu ya kawaida ya tone lenye umeme haitoi namba hizi. Inatoa namba ndogo zaidi, kwa tofauti kubwa mno kuwa kosa la vipimo.

Vishada vya namna hii huitwa klasta: atomi chache hadi elfu kadhaa zilizoshikana, nyingi mno kuwa molekuli ya kawaida na chache mno kuwa kipande cha metali. Sodiamu ndiyo iliyochunguzwa zaidi, kwa sababu kila atomi yake hutoa elektroni moja tu huru na hesabu huwa nyepesi. Yanayosemwa hapa kuhusu sodiamu yanahusu pia potasiamu na sesiamu, kwa kubadilisha namba tu.

Klasta iliyochajiwa ina mambo mawili yanayovutana. La kwanza ni uso. Atomi iliyo juu ya uso ina majirani wachache kuliko iliyo ndani, kwa hiyo kila kipande cha uso kina gharama yake ya nishati, na klasta hujikusanya iwe duara ili uso upungue. La pili ni chaji. Ndani ya metali elektroni huru hujipanga upya papo hapo, hivyo chaji ya ziada haikai katikati bali husambaa juu ya uso. Chaji za aina moja husukumana, na zingependa uso utanuke au ugawanyike ili zikae mbalimbali.

Mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alitatua swali hili mwaka 1882 kwa tone la kimiminika linalopitisha umeme, miaka mingi kabla mtu hajajua kiini cha atomi ni nini. Jibu lake ni fupi: tone la duara hupoteza uthabiti pale nishati ya chaji inapofikia mara mbili ya nishati ya uso. Siku hizi uwiano huo huandikwa X, yaani nishati ya chaji ikigawanywa kwa mara mbili ya nishati ya uso. X ikiwa 1, hata mtikisiko mdogo kabisa unaolivuta tone liwe refu kidogo hukua wenyewe bila kurudi nyuma. X ikiwa chini ya 1, umbo la duara bado lina kinga. Neno hilo “kinga” ndilo ambalo wengi hulisoma vibaya, na nitalirudia.

Tuweke namba. Atomi moja ya sodiamu huchukua nafasi ya tufe lenye nusu kipenyo cha nanomita 0.208. Klasta ya atomi n ina nusu kipenyo R sawa na 0.208 mara kipeuo cha tatu cha n. Kwa atomi 27 kipeuo hicho ni 3, kwa hiyo R ni nanomita 0.624. Nishati ya chaji q juu ya tufe la metali ni q² × 1.44 ÷ 2R, katika elektronivolti (eV, kipimo kidogo cha nishati kinachofaa atomi moja moja) ikiwa R iko katika nanomita. Kwa chaji mbili tunapata 4 × 1.44 ÷ 1.248, yaani 4.6 eV. Mvutano wa uso wa sodiamu iliyoyeyuka ni karibu jouli 0.2 kwa mita ya mraba, sawa na 1.25 eV kwa nanomita ya mraba. Uso wa tufe letu ni nanomita za mraba 4.89, kwa hiyo nishati ya uso ni 6.1 eV. X ni 4.6 ÷ 12.2, karibu 0.38.

Hiyo 0.38 iko mbali na 1. Ukifuata Rayleigh neno kwa neno, chaji mbili zingevumilika hadi klasta ishuke kwenye atomi 10 hivi. Kwa sodiamu, q² ÷ n ikifika 0.39 ndipo X inakuwa 1, na 4 ÷ 0.39 ni 10. Rudia hesabu kwa atomi 64 zenye chaji tatu upate 0.36, na kwa atomi 123 zenye chaji nne upate 0.33. Klasta zenye joto hupasuka X ikiwa kati ya 0.3 na 0.4, kwenye theluthi moja tu ya mpaka. Rayleigh hakukosea. Swali alilojibu ni jingine.

Yeye aliuliza ni lini kinga inatoweka kabisa. Klasta yenye joto haingoji hadi hapo, kwani inaweza kuiruka kinga ikiwa bado ipo. Angalia nishati inavyobadilika klasta ya atomi 27 inapogawanyika nusu kwa nusu, kila kipande na chaji moja. Uso mpya unaongeza nishati ya uso kwa asilimia 26, yaani 1.6 eV. Chaji kutenganishwa kunapunguza nishati yake kwa asilimia 37, yaani 1.7 eV. Kwa jumla faida ni 0.1 eV, lakini hupatikana vipande vikishakuwa mbali kabisa. Vinapokuwa bado vinagusana, vitovu vyao vina umbali wa nanomita 0.99, na msukumano kati yao ni 1.44 ÷ 0.99, karibu 1.45 eV. Maana yake ni kwamba klasta inapaswa kupanda kilima cha takriban 1.35 eV kabla ya kuteremka. Kwa kuwa vipande ni metali, kila kimoja huzisogeza elektroni za mwenzake, na mvuto huo hukipunguza kilima kidogo. Kinabaki karibu na 1 eV.

Kwa nini basi kilima cha 1 eV kiamue mambo kwenye atomi 27 na si 40 au 15? Kwa sababu klasta yenye joto ina njia nyingine ya kutumia nishati yake: kuachia atomi moja isiyo na chaji, kama maji yanavyotoa mvuke. Kuing'oa atomi moja ya sodiamu hugharimu karibu 1 eV, na gharama hiyo haibadiliki sana klasta ikikua au ikipungua. Kilima cha mpasuko hubadilika sana. Klasta ya atomi 64 yenye chaji mbili, kwa hesabu ile ile, ina kilima cha 2.6 eV. Klasta hiyo haitapasuka. Itatoa mvuke, atomi baada ya atomi, na kila atomi inayoondoka huipoza kidogo.

Kutoa mvuke kuna matokeo yake. Atomi inaondoka, chaji zinabaki. Klasta inapungua ukubwa lakini q ni ile ile, hivyo X inapanda na kilima kinashuka hatua kwa hatua. Kilima kinaposhuka hadi usawa wa gharama ya mvuke, mpasuko huanza kushindana, na atomi chache baadaye hushinda. Huo ndio mpaka wa 27. Si mahali ambapo nguvu moja inaishinda nyingine. Ni mahali ambapo njia mbili za kutoroka zina bei sawa. Ndiyo sababu pia mpaka wa klasta zenye joto hutokea ukiwa mkali na unaorudiwa vizuri kutoka maabara moja hadi nyingine: klasta zote kubwa hushuka ngazi ile ile ya mvuke hadi zinafika kwenye ukingo ule ule.

Mtu anayezijua habari za urani atashangaa kidogo hapa, na anapaswa kushangaa. Lise Meitner na Otto Frisch walipoeleza mpasuko wa kiini mwaka 1939, na Niels Bohr na John Wheeler walipoupa hesabu mwaka huo huo, walitumia wazo la tone la kimiminika. Urani 236, inayopatikana urani 235 ikimeza nyutroni, ina X ya karibu 0.7 na hugawanyika vipande viwili visivyotofautiana sana, kimoja chenye protoni na nyutroni takriban 140 kwa jumla na kingine takriban 95. Klasta ya metali hufanya hivyo kwa nadra. Mara nyingi hutema kipande kidogo sana na kubaki karibu ilivyokuwa. Sababu ya kwanza ni X yenyewe: mpasuko ukitokea X ikiwa 0.35 tu, mgawanyo wa nusu kwa nusu hauna faida kubwa kuliko mwingine. Sababu ya pili ni kwamba kwenye kiini chaji imefungwa ndani ya protoni zilizotapakaa kila mahali, wakati kwenye metali chaji hukimbilia inapotaka, hata kwenye kipande kidogo kuliko haki yake.

Sababu ya tatu ndiyo inayoamua kipande kipi hasa kinatemwa. Mwaka 1984 kundi la Walter Knight huko Berkeley lilionyesha kwamba elektroni huru za klasta ya sodiamu hupangika katika ngazi, kama elektroni za atomi, na ngazi hujaa zikifika 2, 8, 20, 40, 58 na kadhalika. Klasta yenye ngazi iliyojaa ni thabiti kupita wenzake. Sasa hesabu elektroni za kipande chenye atomi tatu na chaji moja: tatu kutoa moja ni mbili. Ngazi ya kwanza imejaa. Ndiyo maana ioni (yaani atomi au klasta yenye chaji) ya atomi tatu, Na₃⁺, ndicho kipande kinachotemwa mara nyingi zaidi klasta ndogo zenye chaji mbili zinapopasuka. Ioni ya atomi tisa, yenye elektroni nane, hupendelewa pia. Kwa hesabu ya tone tupu, kutema atomi tatu kutoka 27 kunalipa karibu sawa na kugawana nusu kwa nusu, tofauti ikiwa sehemu ya kumi ya eV au chini yake. Mizani ikiwa sawa namna hiyo, ngazi za elektroni ndizo huielemeza upande mmoja.

Vipimo vyenyewe vina mitego mingi kuliko nadharia. Sodiamu huvukizwa katika tanuri ndogo ndani ya heliamu ya shinikizo la chini, karibu milibari moja, huku kuta zikipozwa kwa nitrojeni kimiminika. Mvuke ukipoa, atomi hushikana kuwa klasta za ukubwa mchanganyiko. Mkondo wa gesi huzivuta hadi kwenye ombwe, ambako leza huzing'oa elektroni. Leza ya nanomita 193, ambayo kila fotoni yake, yaani chembe moja ya mwanga, ina 6.4 eV, hutumika sana. Kisha uwanja wa umeme huzisukuma ioni kwenye bomba refu, na muda wa kufika mwisho hulingana na kipeuo cha pili cha tungamo kugawanywa kwa chaji.

Mtego wa kwanza uko katika maneno hayo, tungamo kugawanywa kwa chaji. Klasta ya atomi 20 yenye chaji mbili hufika wakati ule ule na ya atomi 10 yenye chaji moja, na hakuna kifaa cha namna hii kitakachozitenganisha. Unazoweza kuziona ni zenye idadi witiri. Kwa vizio vya tungamo la atomi kwa kila chaji, atomi 27 zenye chaji mbili huonekana kwenye 310.4, katikati ya atomi 13 kwenye 298.9 na atomi 14 kwenye 321.9. Kwa chaji tatu hutafutwa vilele vilivyo kwenye theluthi. Mpaka husomwa pale vilele hivyo vya katikati vinapoanza kujitokeza kadiri tungamo linavyoongezeka.

Mtego wa pili ni isotopu, yaani atomi za elementi moja zenye tungamo tofauti. Sodiamu ya asili ni ya aina moja tu, kwa hiyo kila klasta ina kilele kimoja chembamba. Sesiamu na dhahabu pia. Fedha ina isotopu mbili zinazokaribia kulingana kwa wingi, na risasi ina nne. Klasta ya risasi yenye atomi kumi tayari ni kilele kipana chenye vilele vingi ndani yake. Hata hivyo risasi ilikuwa miongoni mwa mifano ya mwanzo. Mwaka 1981 kundi la Klaus Sattler huko Konstanz lilionyesha kwamba ioni zake zenye chaji mbili haziishi chini ya atomi 30 hivi.

Wa tatu ni uchafu. Atomi moja ya oksijeni ikiingia kwenye klasta yenye chaji mbili, kilele husogea kwa 8, na nusu hatua ya sodiamu ni 11.5. Kifaa chenye uwezo mdogo wa kutenganisha vilele kitakuonyesha uvimbe mmoja hapo, na utaapa umeona klasta yenye chaji mbili mahali ambapo haipo. Isitoshe, oksijeni hujitwalia elektroni mbili, kwa hiyo hesabu ya ngazi pia huharibika. Dawa yake ni kuchoma tanuri kwa muda mrefu likiwa tupu na kusafisha heliamu kabla haijaingia.

Wa nne ni klasta kupasuka ikiwa njiani. Ikipasuka ndani ya bomba baada ya kusukumwa, sehemu kubwa ya mwendo wa vipande ni ule ule wa mzazi, kwa hiyo hufika karibu wakati mmoja na kuhesabiwa kama klasta nzima. Kioo cha ioni, yaani uwanja wa umeme unaozirudisha nyuma, huvitenganisha vipande kwa nishati. Bila kioo hicho, usiziamini sana takwimu za nani aliishi na nani alikufa.

Na nguvu ya leza? Ukiiongeza unapata chaji nyingi, ila pia unaongeza joto. Kila elektroni inayofuata huwa ngumu kung'oa, kwa sababu inaondoka kwenye kitu ambacho tayari ni chanya. Kwa sodiamu yenye atomi 64, elektroni ya tatu hudai karibu 7 eV, zaidi ya fotoni moja ya leza ile ya nanomita 193 inavyotoa. Kwa hiyo watafiti huchaji klasta kubwa zaidi, ambako elektroni hutoka kirahisi, kisha huziacha zishuke kwa mvuke hadi ukingoni. Mbinu hii hupima mpaka wa klasta zenye joto kwa usahihi. Kuhusu mpaka wa Rayleigh haisemi chochote.

Kuufikia mpaka wa Rayleigh kunataka chaji nyingi, haraka, bila kupasha moto. Leza ya kawaida haiwezi. Ioni zilizovuliwa elektroni nyingi zinaweza: ioni ya zenoni yenye chaji 28 ikipita pembeni mwa klasta, bila hata kuigusa, huzinyakua elektroni kadhaa kwa mkupuo na kuendelea na safari. Klasta hubaki na chaji nyingi na joto dogo. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa waliripoti kwamba klasta za sodiamu zilizochajiwa hivyo ziliishi hadi X ya zaidi ya 0.8. Ni sodiamu ile ile na chaji zile zile. Kilichobadilika ni joto la ndani, na mpaka ukapanda zaidi ya maradufu. Mtu akikutajia mpaka wa chaji wa klasta bila kukutajia joto lake, amekupa nusu ya jibu.

Juu ya X ya 1 hakuna kilima tena, na hapo ndipo neno “mlipuko wa Coulomb” linastahili. Limetumika ovyo kwa kila kitu kinachopasuka kwa sababu ya chaji, hata kwa klasta inayotema atomi tatu taratibu baada ya mikrosekunde nzima, na hilo huwachanganya wanaoanza. Mpasuko una kilima na hungoja joto liuvushe. Mlipuko hauna cha kungoja. Piga klasta ya platini kwa mpigo wa leza wenye nguvu kali unaodumu mamia ya femtosekunde (femtosekunde elfu moja ni pikosekunde moja, na pikosekunde milioni moja ni mikrosekunde moja), na kila atomi hupoteza elektroni nyingi kabla haijapata nafasi ya kusogea mbali. Atomi mbili jirani za platini ziko umbali wa nanomita 0.277, kila moja ikiwa na chaji 10, msukumano wao ni 100 × 1.44 ÷ 0.277, karibu 520 eV, kwa jozi moja tu. Kuing'oa atomi moja ya platini kwenye metali kunahitaji chini ya 6 eV. Hakuna vipande hapo, kuna ioni moja moja zinazoruka kila upande.

Kwenye leza hizo kuna jambo linalokwenda kinyume na matarajio. Ukiweka nishati ile ile katika mpigo mfupi zaidi, hupati chaji nyingi zaidi kila mara. Mara nyingi mpigo uliorefushwa hushinda. Elektroni huru za klasta hutikisika pamoja kwa masafa yao maalumu, na mwanzoni masafa hayo ni ya juu kuliko ya leza ya nanomita 800, kwa hiyo klasta hainyonyi vizuri. Inapoanza kutanuka, msongamano wa elektroni hupungua, masafa yao hushuka, na kwa muda mfupi hulingana na ya leza. Hapo klasta hunyonya nishati kwa pupa. Mpigo mfupi mno huwa umekwisha kabla ya wakati huo; mrefu mno huikuta klasta ikiwa imeshatawanyika.

Mwisho kuna tukio linaloonekana kwa macho. Sodiamu ikiangushwa kwenye maji hulipuka, na kwa miaka mingi maelezo yalikuwa hidrojeni kushika moto. Maelezo hayo yana tundu: mvuke na hidrojeni vinavyotokea kati ya metali na maji vilitakiwa kuvitenganisha viwili hivyo na kuuzima mwitiko. Mwaka 2015 watafiti wa Prague na Braunschweig walichapisha picha za kamera ya kasi kubwa za tone la aloi ya sodiamu na potasiamu, ambayo ni kimiminika katika joto la kawaida, likigusa maji. Chini ya nusu milisekunde, miiba ya metali ilichomoza kutoka kwenye tone na kupenya majini. Hesabu za kompyuta walizoambatanisha, kwa klasta ya atomi 19 za sodiamu, zilionyesha elektroni zikihamia majini ndani ya pikosekunde chache na kuacha uso wa metali ukiwa chanya kupita kiasi. Kile Rayleigh alichokihesabu kwa tone tulivu ndicho kinachoirusha miiba hiyo. Kila mwiba ni uso mpya wa metali unaogusa maji mapya, kwa hiyo mwitiko unaongeza kasi badala ya kujizima, na hidrojeni inawaka baadaye.